Mpanda, na Mkanda wa Motokaa

Mtu aliyepata kufika Mpanda ajua ya kwamba mji ule umekaa mahali reli inapokoma. Njia yaachana na reli kuu ya Kigoma pale Kaliua, yapasua misitu ya miombo kiasi cha kilomita 210, kisha yafika Mpanda na kusimama. Mbele yake hapana reli tena. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa huko, na kwa muda wa miaka kama kumi mabehewa yalikuwa yakiteremka na madini yale kuelekea pwani. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mgodi ulikufa lakini mji haukufa, bali ulizidi kukua, na ulipoundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, Mpanda ndiyo iliyofanywa makao makuu yake.

Jina hili la Katavi lina kisa chake. Wenyeji husimulia habari za Katabi, mwindaji wa kale ambaye wao huamini kuwa roho yake yakaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na wapo waendao kuweka vitu chini ya mti ule. Sisi twaitaja habari hii kwa sababu ndiyo asili ya jina, wala si kwa sababu nyingine.

Basi kila kitu kilichoko ng'ambo ya kituo cha gari la moshi hakifiki Mpanda ila kwa magurudumu. Mpunga watoka Majimoto na Usevya katika bonde la Rukwa. Asali yatoka Inyonga. Samaki na dagaa watoka Karema na Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika. Mahindi, maharage na mihogo vyatoka Katumba na Mishamo, makazi ya watu waliokimbia vita vya Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Ukikaa asubuhi karibu na soko utahesabu malori machache na pikapu nyingi, zimejaa magunia, na juu ya magunia wamekaa watu, na juu ya mapaja ya watu wamekaa kuku. Pikapu hapa hailimi, lakini haitenganiki na kilimo. Yachukua mbolea kwenda, yarudi na mavuno. Yachukua maharusi, yachukua wagonjwa, na likitokea la kutokea yachukua na maiti.

Sisi tulikwenda Mpanda mwishoni mwa mwezi wa Novemba, mvua zilipokuwa zimeanza, kwa basi litokalo Tabora. Siku hizi ni lami tupu kwa njia ya Sikonge na mto Koga, zaidi ya kilomita 340, na mtu huondoka asubuhi akafika alasiri akiwa bado na nguvu za kusalimiana na watu. Wazee wa Mpanda wakikusimulia safari ile ilivyokuwa katika masika ya zamani, utadhani wasimulia habari za nchi nyingine. Mwenyeji wetu alitupokea kituoni, akatupakia katika pikapu yake, nasi hatujafika hata nusu ya njia ya kwenda kwake Makanyagio tukasikia sauti chini ya boneti, nyembamba na kali, mfano wa mtoto wa mbuzi aliyetenganishwa na mamaye. Ikalia kitambo, ikanyamaza. Tulipokata kona ikalia tena.

"Ni mkanda, Maalim," akasema mwenyeji wetu. "Tangu mvua zianze, ndivyo ulivyo kila asubuhi."

Na mkanda huu ndio tutakaosema habari zake, kwa kuwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu siku hizi kuna motokaa, na aghalabu mwenye motokaa huujua usukani, huyajua na magurudumu, ama mkanda haujui mpaka siku utakapokatika.

Motokaa za zamani zilikuwa na mikanda miwili au mitatu, kila mmoja na kazi yake, yenye umbo la kabari inayokaa ndani ya mfereji wa puli. Mkanda wa namna hiyo, wa mpira na nyuzi, alioutengeneza John Gates huko Denver, Marekani, mwaka 1917, ndio uliotumika duniani kwa miaka mingi. Ukilegea, dereva alilegeza boliti ya altaneta, akaisukuma kwa mti, akakaza, akaendelea na safari. Ukikatika porini, wapo waliokata ukanda wa mpira wa tyubu wakaufunga mahali pake, wakajikokota hivyo hivyo hata kijiji cha mbele.

Mkanda wa leo ni mwingine. Ni mmoja tu, mrefu, mpana na mwembamba. Upande mmoja una matuta madogo yanayokwenda sambamba kama matuta ya shamba la viazi, na upande wa pili ni laini. Ulianza kuenea baada ya kampuni ya Ford kuutia katika motokaa yake ya Mustang ya mwaka 1979. Huzunguka puli zote za mbele ya injini kwa kupindapinda kama nyoka, hupita juu ya hii na chini ya ile, na kila inapopita huzungusha kitu. Katika pikapu ya mwenyeji wetu mkanda huo mmoja wazungusha pampu ya maji yanayopoza injini, na feni, na altaneta ijazayo betri, na pampu ya usukani, na kompresa ya kipoza hewa. Nguvu yote hiyo hutoka kwenye puli kubwa ya kranki iliyoko chini. Tena iko puli nyingine isiyozungusha kitu chochote, yenye springi kali, ambayo makanika huiita tenshena. Kazi yake ni kuusukuma mkanda ili ukae umekazwa daima. Kwa sababu hiyo mtu hana haja ya kuukaza kwa mkono, lakini pia hana njia ya kuufanyia hila za zamani. Mpira wa tyubu hauwezi kazi yake.

Ukikatika, mambo huja kwa mfuatano. Taa ya betri yawaka. Usukani wawa mzito mikononi. Na kwa kuwa pampu ya maji imesimama, sindano ya joto yaanza kupanda. Dereva anayejua husimama pale pale na kuzima injini. Asiyejua husema, "Nitafika, ni hapo mbele tu," na hapo mbele tu ndipo gasketi inapoungua na silinda hedi inapopinda, na kitu ambacho kingetengenezwa kwa bei ya mkanda kikawa hakitengenezwi ila kwa bei ya shamba.

Mwenyeji wetu alikuwa na nia ya kungoja makanika wake, mtu mwaminifu, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda machimboni kwenye dhahabu, kwa wachimbaji ambao motokaa zao hazimwachi arudi mjini upesi. Lakini Alhamisi adhuhuri ikaja simu kutoka Majimoto. Dada yake mwenyeji wetu ni mjamzito. Siku zake zilikuwa zimekaribia, naye uzazi wake uliopita ulikuwa wa upasuaji. Kwa ajili hiyo wauguzi wa zahanati walikuwa wamemwambia mapema asijifungulie huko, bali aende akakae Mpanda karibu na hospitali ya mkoa. Mumewe alikuwa akisema "wiki ijayo, wiki ijayo," mpaka siku ile mama mwenyewe alipochukua simu akampigia kaka yake: "Kaka, njoo unichukue kesho. Mwili wangu naujua mimi."

Sasa msomaji na aifahamu njia yenyewe. Kutoka Mpanda mtu huenda kusini hata Sitalike, kilomita zisizofika 40, na pale Sitalike huingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Njia ya kwenda Kibaoni na Majimoto yapita katikati yake. Ndani humo hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna makanika, na mtu haruhusiwi kushuka garini apendapo, kwa kuwa kuna simba, nyati na tembo ambao ndio wenye nchi. Mbung'o nao wako, na tabia ya mbung'o ni kufuata kitu kikubwa kinachokwenda. Motokaa kwake ni ng'ombe. Kumrudisha mama mjamzito kwa njia ile, jioni, na mkanda unaolia chini ya boneti, ni jambo ambalo mwenyeji wetu hakuthubutu kulifikiri mara mbili. Akasema, "Leo leo hii utatoka, hata kama nitautoa kwa meno."

Akaenda dukani akarudi na mkanda mpya katika mfuko wake. Muuza duka, ambaye hatutamtaja wala hatutalitaja duka lake, alikuwa ameutazama ule wa zamani kwa mbali, katika picha ya simu, akasema, "Ni huu huu, mzee, motokaa zote za namna yako zatumia huu." Binti wa nyumba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliupokea mkanda mpya akaugeuza mgongo, kisha akaingiza kichwa na taa ya simu chini ya boneti, akafuta vumbi kwa kidole juu ya mkanda wa zamani, akasoma.

"Baba, hii siyo. Ya kwetu imeandikwa saba, P, K. Hii imeandikwa sita."

Na hapa twataka kila mwenye motokaa asimame kidogo. Mgongoni mwa mkanda wa namna hii pameandikwa herufi na tarakimu, na tarakimu zile si pambo. Ile ya kwanza, kabla ya PK, ni hesabu ya matuta. Tarakimu zinazofuata ni urefu wa mkanda kwa milimita. Mkanda wa matuta sita katika puli za mifereji saba utazunguka, na muuza duka atakuwa amepata fedha yake, lakini mfereji mmoja utabaki mtupu, na mzigo wa saba wachukuliwa na sita. Ukiwa mrefu kupita kiasi, tenshena haiwezi kuukaza. Ukiwa mfupi, haupandi kabisa, au wapanda na kuzitesa beringi. Maandishi yakiwa yamefutika, hesabu matuta kwa ukucha, kisha uutoe mkanda kwanza na kwenda nao dukani mkononi, usiende na picha.

Mwenyeji wetu akarudi mbio kabla ya maduka kufungwa. Kwa muuza duka wa kwanza alirudishiwa fedha baada ya maneno mengi, na kwa wa pili akapata mkanda wenye tarakimu zile zile, kwa bei ya karibu mara mbili. Alinung'unika njia nzima. Sisi twaona bei ile ilikuwa ya haki, maana mpira wake ulikuwa wa kunyumbulika na maandishi yake hayakufutika kwa mate, ilhali yale ya mkanda wa kwanza yalibaki kidoleni mwa binti.

Baada ya sala ya Isha kazi ikaanza uani. Jambo la kwanza mwenyeji wetu alilolifanya ni kuvua kanzu, akavaa suruali na fulana iliyombana. Nasi tukafanya vivyo hivyo, na binti akaambiwa aufunge mtandio wake nyuma. Kanzu, shuka na mtandio havina urafiki na injini inayozunguka. Motokaa ilikuwa imesimama mahali sawasawa tangu alasiri, injini imepoa, breki ya mkono imevutwa, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu, na ufunguo umo mfukoni mwa mama wa nyumba, ambaye alisema hautoki humo mpaka kila mkono uonekane nje ya boneti. Waya hasi wa betri ukafunguliwa.

Kisha binti akatakiwa achore. Motokaa nyingine huwa na karatasi iliyobandikwa chini ya boneti inayoonyesha njia ya mkanda, lakini ya hii ilikuwa imekwisha kuliwa na joto na vumbi. Akachukua kipande cha boksi la sabuni, akachora duara moja kwa kila puli, kubwa kwa ndogo, akaandika majina yake, akapitisha mstari: hapa mkanda wapita kwa upande wa matuta, hapa kwa mgongo. Baba yake akakisoma kile kipande mara tatu huku akifuatisha kwa kidole. Wako watu waliotoa mkanda kwa dakika moja, wakakesha usiku kucha wakijaribu kuurudisha, kwa sababu hawakuchora.

Mkanda hautolewi kwa kisu wala kwa bisibisi. Hutolewa kwa kuirudisha tenshena nyuma. Mwenyeji wetu akatia spana juu ya boliti ya tenshena, akavuta, haikujongea. Akavuta tena, spana ikateleza, vifundo vya vidole vikagonga chuma na damu ikatoka. Mama wa nyumba akaleta kitambaa, na kwa sauti ya chini akauliza kama si afadhali kumwamsha jirani mwenye motokaa akaazimwa. Jirani yule, wasomaji, alikuwa ameitoa motokaa yake kwenda Inyonga siku mbili nyuma. Basi pakatafutwa kipande cha bomba, mguu wa kitanda cha chuma kilichovunjika, kikavikwa mkononi mwa spana ili kiwe kirefu. Soketi iliyokaa vizuri kichwani mwa boliti ikatiwa badala ya ile spana iliyolika. Sisi tukashika upande mmoja, yeye mwingine, tukavuta polepole kwa kwenda sawa wala si kwa kushtua, na ile springi ikakubali. Puli ikarudi nyuma kiasi cha vidole viwili. Binti akaingiza mkono upande wa juu, akauteremsha mkanda kutoka puli ya altaneta, akatoa mkono. Mama akasema, "Nimeuona." Ndipo tukaiachia tenshena irudi taratibu, maana springi ile ikiachiwa ghafla huweza kuvunja kidole.

Mkanda wa zamani ulipotandazwa juu ya mkeka, haukuwa na ufa hata mmoja. Mwenyeji wetu akashangaa. Lakini mpira wa mikanda ya siku hizi haupasuki upesi kama ule wa zamani. Huliwa kidogo kidogo mfano wa soli ya kiatu, mifereji baina ya matuta ikawa mipana, na mkanda ukakaa chini zaidi ndani ya puli hata ukawa wateleza. Kwa hiyo kuutazama tu hakutoshi. Ule wa mwenyeji wetu ulikuwa umeng'aa pande zote, na kwenye ukingo wake mmoja nyuzi zilikuwa zimeanza kuchomoza. Kwa desturi mkanda mzuri waweza kwenda kilomita 100,000 hivi. Kwa vumbi la nchi yetu usingoje hesabu hiyo itimie.

Kisha likaja jambo ambalo watu wengi huliruka, nalo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mkanda ukiwa nje, kila puli iko huru, na mtu aweza kuizungusha kwa kidole na kusikiliza. Iliyo nzima huzunguka kimya. Iliyokwisha beringi husaga kama mchanga kwenye meno, au hucheza huku na huku. Tukaipitia moja baada ya moja kwa mfano wa mwalimu apitiaye wanafunzi kwa zamu: ya altaneta, kimya, ya pampu ya maji, kimya, wala hapana unyevu chini yake, ya usukani, kimya, ya tenshena ikatoa sauti kidogo, si ya kutisha. Mwenyeji wetu akasema hiyo itabadilishwa makanika atakaporudi, na kwa safari moja yafaa. Puli zote zikasuguliwa kwa brashi kavu kuondoa tope lililoganda mifererini, pasipo kutia tone la mafuta.

Na kwa kuwa tumetaja mafuta: wapo wanaopaka sabuni ya mche juu ya mkanda unaolia, au nta, au grisi. Kelele hunyamaza. Sisi hatuoni tofauti kati ya kitendo hicho na kumziba mdomo mlinzi anayepiga yowe kwamba wezi wameingia. Mkanda walia kwa sababu wateleza, na kilichotelezeshwa zaidi hakiwezi kushika zaidi.

Mkanda mpya ukapimwa juu ya ule wa zamani, ukaonekana mfupi kwa upana wa ukucha, ndivyo inavyopaswa kwa kuwa wa zamani umevutika. Binti akasoma mchoro kwa sauti, baba yake akapitisha: kranki kwanza, kisha feni, kisha ule mgongo laini chini ya tenshena, na ya mwisho ikaachwa altaneta kwa kuwa iko juu na ni rahisi kuifikia. Tukavuta bomba tena, mkanda ukapanda. Kabla ya kuachia, kila puli ikatazamwa kwa taa kama matuta yote saba yamekaa katika mifereji saba. Katika puli ya usukani mkanda ulikuwa umeruka mfereji mmoja, tuta moja likining'inia nje. Kama tungewasha hivyo, usingemaliza saa moja. Ukasogezwa, ukatazamwa tena, tenshena ikaachiwa.

Waya wa betri ukarudishwa, vyombo vikahesabiwa vikatimia, na mama wa nyumba akatoa ufunguo mfukoni. Injini ikawaka. Tukasimama pembeni, si mbele ya mkanda, tukasikiliza. Hapakuwa na mlio. Mwenyeji wetu akawasha taa zote na kuukata usukani kulia na kushoto ili mzigo uzidi; pakawa kimya vile vile. Saa nne na nusu za usiku zilikuwa zimefika, na kazi ambayo makanika huifanya kwa nusu saa sisi ilitwaa saa mbili.

Ijumaa, baada ya sala ya Alfajiri, tukaondoka sisi, mwenyeji wetu na mkewe. Pale Sitalike tulipunguza mwendo kwenye daraja la mto Katuma tukawaona viboko. Wakati wa kiangazi maji yakipungua husongamana hapo mamia kwa mamia, wamelaliana katika tope kama magunia. Siku ile mvua zilikuwa zimewapa nafasi kidogo, lakini harufu yao ilitufikia kabla hatujawaona. Tukaingia hifadhini. Njia ilikuwa na tope mahali pengi, na mbung'o wakatupokea tangu mwanzo, hata tukafunga vioo. Tuliona twiga, pundamilia, na kundi la nyati ambalo hatukuweza kulihesabu. Macho ya mwenyeji wetu hayakutoka katika sindano ya joto.

Majimoto tulifika kabla ya adhuhuri. Ni mji wa mpunga, na jina lake latokana na chemchemi za maji moto zilizoko hapo. Tungependa kukaa tukazitazama, lakini dada alikuwa amekwisha kukaa juu ya kitanda chake na kanga zake zimefungwa katika furushi, na uso wake haukuwa wa mtu anayengoja mazungumzo. Tukala, tukasali, tukampandisha mbele pamoja na wifi yake, na sisi tukahamia nyuma kati ya magunia mawili ya mchele ambayo mumewe, kwa aibu au kwa ukarimu, aliyatia bila kuulizwa.

Ndani ya hifadhi, jua likiwa limeinama, tembo wakatuzuia. Walikuwa kumi au zaidi, pamoja na watoto wao, wakivuka njia kwa starehe yao. Mwenyeji wetu akasimama mbali nao, injini ikinguruma, kwa kuwa hakutaka kuizima asije akahitaji kurudi nyuma kwa ghafla. Robo saa ikapita, ikafika nusu. Kwa dirisha la nyuma tukamwona dada ameshika dashibodi kwa mikono miwili, kisha ameachia, kisha ameshika tena. Na wifi yake akihesabu kwa vidole. Pampu ilizunguka, feni ilizunguka, sindano haikujongea. Tembo wa mwisho alisimama katikati ya njia akatutazama, akapeperusha masikio, akaingia msituni.

Tulitoka Sitalike na giza likiingia, na saa moja baadaye, uchungu ukiwa umekwisha kuanza, wauguzi wa hospitali walimpokea mlangoni kwa machela. Alifanyiwa upasuaji usiku ule ule. Mtoto ni wa kiume, na mama yake, ambaye siku ya tatu tulimkuta ameketi akinywa uji, alituuliza ilikuwaje pikapu ya kaka yake imeacha kulia.

Makanika alirudi kutoka machimboni wiki iliyofuata. Akafungua boneti, akautazama mkanda kimya, akaubonyeza kwa kidole, akaizungusha taa huku na huku akitafuta kosa, na mwisho akaitwaa kazi ya tenshena peke yake, akaweka mpya yenye beringi nzima. Siku tuliyoondoka Mpanda mkanda wa zamani haukuonekana tena juu ya ukuta ulikotundikwa, kwa kuwa watoto walikuwa wameukata wakamfungia mbuzi. Kile kipande cha boksi la sabuni kilikuwa kimegongomelewa ndani ya mlango wa stoo, na chini ya mchoro binti ameandika tarakimu za mkanda, tarehe, na hesabu ya kilomita iliyosomwa kwenye dashibodi usiku ule.